Nilipe Kama Yeye

Fundi Kipimo hakupewa jina hilo kwa sababu ya futi kamba aliyoning'iniza shingoni kutwa nzima. Mafundi wote wa makochi huvaa futi shingoni. Alipewa kwa sababu hakuweza kukiona kitu chake bila kukilinganisha na cha mwenzake. Chai ikimiminwa, atavikagua vikombe vyote kabla hajagusa cha kwake. Akinunua mkate, atamuuliza jirani kanunua wapi na kwa bei gani, na akigundua kwamba yeye amelipa zaidi, mkate wenyewe hautamshuka.

Wengine waliita hiyo roho mbaya. Mimi, niliyekuwa nikimuuzia vitambaa tajiri wake, naiita akili ya biashara iliyokwama kwa mtu wa mshahara. Mfanyabiashara hupima halafu akanunua au akauza. Mwajiriwa hupima halafu hana pa kukipeleka kipimo chake, basi anakirudisha nyumbani na kukilalia.

Karakana yao ilikuwa banda refu la bati. Mbele zilipangwa fremu za mbao tupu kama mifupa, katikati meza za kukatia, na nyuma kabisa, marobota ya sponji yaliyopandishwa hadi darini. Katikati ya marobota hayo Tajiri alikuwa amejiachia nafasi ya meza na viti viwili, na ndiyo ilikuwa ofisi. Kuta zake ni sponji, mlango wake pazia. Ukiongea humo, sauti inamezwa. Nilipata kumsifia Tajiri kwa ubunifu huo, akacheka tu. Hakuijenga hivyo kwa bahati.

Mwisho wa mwezi mafundi waliingia humo mmoja mmoja. Kila aliyetoka alisema "Tunashukuru," bahasha ikiwa imeshazama mfukoni. Hakuna aliyeuliza mwenzake kapata ngapi. Kumuuliza mtu mshahara wake pale ilikuwa kama kumuuliza mtu mzima amevaa nini ndani. Tajiri alikuwa amepatana na kila mmoja peke yake, siku alipomwajiri, kwa jinsi alivyomwona ana njaa. Simlaumu. Jora moja la kitambaa mimi huliuza kwa bei tofauti kwa kadiri ya sura ya mteja, na silali macho.

Sasa, mafundi wenye majina pale walikuwa wawili. Kipimo mwenyewe, ambaye kasi yake ilikuwa haina mfano: kochi la watu watatu analivalisha asubuhi, na mchana yuko kwenye lingine. Na Taratibu. Huyu Taratibu alikuwa mtu wa kona na vifungo. Ile migongo ya makochi yenye mabonde na vilima, kila bonde na kifungo chake, hakuna aliyeiweza kama yeye. Lakini kabla hajapiga pini moja, atalizunguka kochi, atalipapasa, atarudi nyuma alitazame tena. Hata kumwitikia salamu alichukua muda, ungedhani anaitafuta mahali alipoiweka.

Waulize wawili hao ni nani anayestahili zaidi. Kipimo atakuhesabia makochi aliyomaliza. Taratibu, akijibu, atakuonyesha kona. Kila mtu hujipima kwa upande ule alio mrefu.

Kilichomwasha Kipimo ni kwamba Taratibu, kila akiingia kuchukua bahasha, alichelewa kutoka. Wengine dakika moja wametoka. Yeye anaketi humo mpaka chai ya mtu inapoa. Siku nyingine kikasikika kicheko cha Tajiri, hafifu, kimekatwakatwa na sponji. Halafu Taratibu akaonekana na viatu vipya. Halafu kwa mkewe, Mama Pacha, likaingia jokofu.

"Jokofu," Kipimo alimwambia mkewe jioni ile, akivua shati lililojaa nyuzi. "Kwa mshahara upi?"

"Labda wamejibana," mkewe akasema.

"Wana watoto pacha. Nani anajibana na pacha ndani ya nyumba? Huyu mtu analipwa kuliko mimi, nakwambia. Mimi namkimbizia Tajiri kazi kama punda, yeye anapapasa makochi, halafu jokofu liingie kwake!"

Akamtuma mkewe. Si kwa kusema "nenda kapeleleze". Alimwambia tu aende akalione hilo jokofu, ampe mwenzake hongera, na maneno yakija yenyewe asiyakimbie. Wale wanawake walikuwa wakifahamiana, wakikutana mara kwa mara kwenye bomba la maji. Mkewe akavaa kanga safi akaenda.

Alirudi uso umemkunjika. "Mume wangu, unaonewa," alisema kabla hajakaa. "Mama Pacha kaniambia bila hata kuzungusha. Tena kwa kicheko: 'Shoga yangu, kama si kujikaza, kwa hizi anazoleta tungekuwa tunakula ugali na jokofu.' Kataja na kiasi." Naye akakitaja. "Anakuzidi! Tena si kidogo!"

Hapa lazima msomaji ajue jambo ambalo mke huyu hakulijua. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko kile ambacho Kipimo alimwambia mkewe kwamba analipwa. Lakini kilikuwa kidogo kuliko kile alicholipwa kweli. Tangu walipooana, kila mwisho wa mwezi, Kipimo aliichana bahasha njiani, akatoa sehemu akaitia kwenye soksi, na iliyobaki akaifikisha nyumbani na uso wa kuonewa. Hakuwa na mwanamke wa nje wala chupa. Ilikuwa akiba ya mtu asiyemwamini mtu, basi.

Angeweza kupumua. Kiasi cha Mama Pacha kilionyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa juu. Lakini mtu anayekata bahasha yake hawezi kuamini kwamba kuna bahasha inayofika nzima. Usiku akiwa kitandani alipiga hesabu: hizo ni alizoambiwa mke. Mwanamume gani humwambia mkewe zote? Akachukua sehemu aliyokuwa akiificha yeye, akaijumlisha juu ya zile za Mama Pacha, na jumla ikampita mbali. Basi ikawa hivyo. Taratibu anamzidi.

Na mkewe alikuwa ubavuni, macho makavu. "Usipokwenda kumwambia Tajiri, nitakwenda mimi."

"Wewe utakwenda kama nani?"

"Kama mke wa punda."

Akaenda yeye. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimeleta majora na tunabishana na Tajiri juu ya mita zilizopungua, ambazo hazikuwa zimepungua. Kipimo akafunua pazia, akaingia bila kubisha, maana sponji haibishiki.

"Tajiri, neno moja tu. Mimi sitaki makubwa. Nilipe kama Taratibu."

Alikuwa amejipanga, niliona. Hakutaja kiasi, kwa sababu anayetaja kwanza hujifunga. Na hakudai kuzidi, alidai kulingana, dai ambalo mtu mwenye haya hawezi kulikataa mbele ya mgeni. Kwa mtu ambaye hajafundishwa, hakuanza vibaya.

Tajiri akamtazama. Akanitazama mimi. Kisha akasimama, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Kama Taratibu? Sawasawa naye?"

"Sawasawa."

"Umesema mwenyewe. Kuanzia mwezi huu, wewe na yeye mtalingana. Shahidi huyu hapa mwenye vitambaa. Lete mkono."

Kipimo akautoa mkono, lakini niliona rangi ikimpotea. Machale yalikuwa yameshamcheza. Tajiri yule hupiga kelele hata akiombwa pini. Leo kakubali kabla mate hayajamkauka mwombaji. Mtu akikubali bei yako upesi hivyo, ujue umemtajia ile aliyokuwa akiiombea. Tajiri alipoketi alikuwa akitabasamu, na siku hiyo akanilipa mita zangu zote.

Siku zilizofuata Kipimo alikuwa akikosea kukata, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Angerudi kwa Tajiri aseme nini? "Nimebadili nia, nisilingane naye"? Angechekwa na dunia nzima. Na pengine machale yalikuwa ya bure. Njia ilikuwa moja: kumuuliza Taratibu uso kwa uso, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwenye banda lile.

Alimvizia saa ya chakula, wenzao walipotoka kwenda kukaa kivulini.

"Ndugu yangu, tuambiane. Unalipwa ngapi?"

Taratibu alitafuna mpaka akamaliza. "Kwa nini?"

"Basi tu."

"Hakuna basi tu. Wewe ulimtuma mkeo akanipimie jokofu. Jokofu lenyewe bovu, katupatia kaka yake mke wangu, linafunga tu halipozi. Tunatilia unga, panya wasiufikie. Na viatu ni vya msiba wa baba mkwe. Umemaliza, au unataka na soksi?"

Neno "soksi" lilimshtua Kipimo kidogo, lakini akajikaza. "Na kukawia kwa Tajiri huko ndani?"

"Nahesabu. Natazama noti moja moja kwenye mwanga, ameshawahi kunipa feki. Yeye ananicheka."

"Basi nitajie."

"Taja wewe kwanza."

Hapo wakakwama. Hakuna aliyekuwa tayari kutangulia, kila mmoja akihofu kwamba mwenzake atasikia halafu atarekebisha ya kwake. Walikaa wakitazamana kama watu wanaogombea kivuli. Mwishowe Taratibu, ambaye mikono yake ilikuwa na akili kuliko mdomo, akanyoosha mkono juu ya meza akavuta ule mkanda wa lastiki unaofumwa chini ya viti.

"Kila noti kubwa, inchi moja," alisema. "Kila mtu akate wake kwa kujificha. Tukimaliza tuvilaze mezani kwa pamoja. Tena bila kuvuta, lastiki hii."

"Kwa futi yangu au yako?"

"Kwa moja tu. Yako imeliwa na panya mwanzoni, naijua, ndiyo maana mito yako ni midogo."

Walipeana migongo, wakakata. Wakageuka, wakavilaza vipande ubavu kwa ubavu.

Cha Kipimo kilikuwa kirefu.

Si kwa mengi. Lakini kilikuwa kirefu, na mtoto angeona. Kipimo alivipima tena kwa macho. Kumbe Mama Pacha alisema kweli. Kumbe ipo bahasha inayofika nzima. Na yeye, kwa kinywa chake, mbele ya shahidi, alikuwa ameomba kupunguziwa mshahara.

Taratibu yeye alikuwa hajainua macho. Alikipapasa kile kipande kilichozidi kama anavyopapasa kona. "Mimi ndiye ninayeshona ile migongo," alisema polepole. "Wateja wanakuja kwa ile migongo."

"Sikiliza."

"Mimi nilikuwa hapa kabla yako."

"Sikiliza kwanza, ndugu yangu, ukasirike baadaye." Na hapo Kipimo akaamka, mtu wa aina yake huamka anapobanwa. Akamweleza yote, mpaka kupeana mkono. Taratibu aliposikia "nilipe kama yeye" aliangua kicheko ambacho hakikuwa cha taratibu hata kidogo, akapiga meza, akafuta machozi kwa pindo la kitambaa cha mteja.

"Cheka. Lakini Tajiri kasema tutalingana mwezi huu. Hakusema tutalingana kwa kiasi gani. Wewe ukipandishwa kabla ya mwisho wa mwezi, na mimi lazima nipande na wewe. Kaapa mbele ya mwenye vitambaa, na yule hasahau, anadai hata mita za mwaka juzi."

"Mimi sijui kuombaomba."

"Ndiyo maana utapata. Si kuna ukumbi wa harusi umeagiza viti vyenye migongo ya vifungo? Nani ataishona? Mimi nikishona vitakaa kama magunia. Ingia, weka mkasi wako juu ya meza yake, mwambie, 'Tajiri, hizi nilizonazo hazinitoshi.' Halafu nyamaza. Asipopandisha, nyamaza. Akipandisha, nyamaza pia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkunjo wa kipaji cha uso wake ulegee. Unaujua mkunjo wewe, au nikufundishe?"

Nilipokuja kusikia mpango huu nilivua kofia. Alikuwa amemgeuza mpinzani kuwa dalali wake bila hata kumlipa. Tatizo likawa kwamba sasa mshahara wake ulikuwa mikononi mwa mtu aliyemtilia shaka maisha yake yote, mtu ambaye ndio kwanza alikuwa amegundua kwamba alizidiwa.

Taratibu aliingia asubuhi moja na mkasi wake. Kipimo akajipenyeza nyuma ya marobota, akabandika sikio kwenye sponji. Alisikia nini? Alisikia sponji. Sauti ya Tajiri ilikuja vipande vipande: "...nani kakutia..." Kimya kirefu. "...hali ya biashara..." Kimya. Halafu Tajiri akashusha sauti, na kwa bahati mbaya kipande kimoja kikapita safi kabisa: "...ya pembeni... usimwambie mwenzako."

Kisha kimya kirefu kuliko vyote.

Kipimo alitoka huko nyuma amejaa vumbi la sponji hadi kwenye nyusi. Alijua kilichotokea, angefanya hivyohivyo: mshahara unabaki palepale, mwenzake anapewa cha pembeni kimyakimya, na Kipimo mwenye maneno mengi anashushwa hadi chini kulingana na mshahara wa Taratibu kama alivyojiombea. Taratibu alipotoka na mkasi wake, Kipimo akamvaa.

"Vipi?"

"Tumeelewana."

"Mmeelewana ngapi?"

"Bahasha itasema," Taratibu akajibu, akaenda kulizunguka kochi.

Mpaka mwisho wa mwezi Kipimo hakula vizuri. Alimwona Taratibu akicheka na dereva, akajua anachekwa yeye. Alimwona akitoka mapema, akajua anakwenda kuchukua cha pembeni. Nyumbani mkewe alimuuliza imekuwaje, naye, kwa kukosa pa kutua, akafoka, "Kaniahidi nitalipwa sawa na Taratibu! Senti haitazidi wala kupungua. Umeridhika?" Mkewe akasema ameridhika. Kipimo hakulitazama neno hilo mara ya pili, alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kupima.

Siku ikafika. Aliingia, akatoka, akaenda chooni, akafungua bahasha. Ilikuwa imezidi. Imezidi hata ule urefu wake wa zamani. Akaihesabu tena. Kisha, badala ya kushangilia, akamfuata Taratibu kwenye meza ya kukatia na kutupa mkanda mbele yake.

"Kata."

Taratibu akakata. Naye akakata. Walipovilaza, vilikuwa sawa, kichwa kwa kichwa.

"Na cha pembeni?"

"Kipi?"

"Nilisikia. 'Usimwambie mwenzako.'"

Taratibu aliukunja mkanda wake kwanza. "Alinipa cha pembeni. Nikanyamaza, si uliniambia ninyamaze? Akadhani nakikataa. Akakiongeza kwenye mshahara. Nikaendelea kunyamaza. Akaongeza tena, akaniambia nitoke nisije nikamfilisi."

Hadithi nzuri. Lakini ilikuwa nzuri mno kwa masikio ya Kipimo, na mkanda wa lastiki kila mtu anaweza kukata anavyotaka. Ilimpasa apate uhakika kutoka mahali ambapo bahasha hufika nzima. Akiwa njiani kwenda nyumbani alifanya kama kawaida: akaichana bahasha, akatoa sehemu, mwezi huu nono zaidi, akaitia kwenye soksi. Alipofika akampa mkewe iliyobaki, yenye nyongeza ndogo ya kumfurahisha. Halafu akasema, kama mtu anayefikiria jambo lingine, "Hebu pita kwa Mama Pacha. Mpe hongera ya mwezi. Maneno yakija yenyewe..."

"Nisiyakimbie," mkewe akamalizia.

Alipokuwa hayupo, Kipimo alikaa sebuleni akinywa chai, kwa mara ya kwanza mwezi ule akiisikia ladha yake. Sebule ilikuwa na kochi moja la zamani, lisilo na vifungo. Aliwaza kwamba sasa anaweza kulibadilisha kitambaa, akitafuta namna ya kuitoa pesa ya kazi hiyo bila kueleza ilikotoka.

Mkewe alirudi. Akafunga mlango. Akakaa mbele yake, akatoa kwenye pindo la kanga kipande cha mkanda wa lastiki, akakilaza juu ya meza ndogo, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mumewe kamfundisha," alisema. "Kila noti kubwa, inchi moja. Hiki ni cha kwake, bahasha nzima, kanihesabia mbele yangu. Na wewe ulinieleza kwamba mnalipwa sawa. Senti haizidi wala haipungui. Ndivyo ulivyosema?"

Kipimo akatazama kile kipande. Taratibu hakuwa amedanganya hata inchi. Alipaswa kufurahi.

"Lakini kuna makato," alianza. "Kuna ile..."

Mkewe hakusema kitu. Alichukua noti alizopewa na Kipimo, akazipanga moja moja kando ya mkanda, kila noti kwenye inchi yake. Zikaishia mbali na mwisho. Sehemu iliyobaki ilikuwa tupu, nyeusi, ndefu. Akaegemeza mgongo wake kwenye kochi, akaweka mikono mapajani, akanyamaza.

"Ni akiba," Kipimo akasema. "Akiba yetu."

Kimya.

"Sikutaka tuitumie ovyo."

Kimya. Kipaji cha uso cha mkewe kilikuwa kimekunjika, na Kipimo alimtazama akisubiri mkunjo ulegee. Haukulegea. Akainama, akavua kiatu, akaingiza vidole kwenye soksi. Akaweka noti moja juu ya inchi iliyofuata.

Mkewe alitazama mkanda, si yeye. Kipimo akaweka ya pili.